Siku niliyoulizwa mahakamani "ntakutoa roho" maana yake nini

Jaji alikuwa ananisubiri mimi. Kalamu imesimama juu ya karatasi, miwani imeteleza mpaka nchani mwa pua, na mimi niko kizimbani jasho linanitoka mgongoni na wala hakukuwa na joto siku hiyo. "Shahidi, rudia taratibu, alitamka nini hasa?" Nikarudia kama ilivyokuwa: alisema we bana leo ntakutoa roho. Akaandika. Sa mjue wakati ule jaji ndo alikuwa anaandika kila kitu kwa mkono, kwahiyo ukisema neno unakaa unasikiliza kalamu inavyokwaruza, na ndani ya ule mkwaruzo ndo nikaelewa kwamba neno nililolisikia kijiweni siku ya Jumanne mchana limeshakuwa kitu kingine kabisa, linaweza kumnyonga mtu.

Hiyo ilikuwa 2019, tukio lenyewe la 2016. Kijiwe chetu kipo Tandika, tunatengeneza pikipiki na bajaji, mimi nauza spea kwenye kibanda cha pembeni. Sitataja majina, aliyekufa ana watoto na aliyemuua naye ana mama. Niwaite dereva wa bajaji na fundi, inatosha.

Ishu ilikuwa elfu kumi na nane. Fundi kamfungulia dereva kabureta, dereva kasema bado inakata moto, halipi, asubuhi wakagombana kidogo wakatenganishwa, kila mtu akaenda zake kula. Baada ya kama saa nzima hivi dereva karudi, wakaanza upya, hapo ndo fundi akasema ile kauli na sisi tukacheka (nasema ukweli, tulicheka, mimi nilicheka), dereva akamjibu na tusi la mama ambalo siliandiki hapa, fundi akaokota bisibisi mezani akamchoma mara moja, ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Mara moja tu. Halafu yule yule fundi akavua shati akawa anamkandamiza nalo pale damu inapotokea anapiga kelele leteni bajaji jamani leteni bajaji. Dereva hakufika mbali, hospitali walimpokea lakini hata kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji akawa ameshafariki. Fundi alivyosikia tu akapotea. Kesho yake wakamkamata Mkuranga kwa shangazi yake.

Haya, hapo sasa niambie wewe, alikusudia au hakukusudia?

Pale kijiweni tulibishana miaka mitatu. Wengine: kaua na alishasema ataua, biashara imeisha. Wengine: hasira tu zile, angekuwa anataka kuua asingevua shati. Kila mtu anaongea kama vile aliingia ndani ya kichwa cha fundi akakaa sebuleni akaangalia. Mimi niliyekuwa hatua nne kutoka kwake sijui. Mpaka leo sijui.

Nina dada yangu, mtoto wa mama mdogo, kasoma sheria pale Mlimani sasa hivi ni wakili. Nilipoletewa samansi nikamfuata kwake Tabata usiku ule ule, nikamwambia dada mimi naogopa, wataniuliza kama jamaa alitaka kuua nitasema nini. Akacheka akaniambia hakuna atakayekuuliza hivyo, wewe sio shahidi wa moyo wa mtu, utaulizwa ulichoona na ulichosikia, mambo ya moyo mwachie Jaji. Halafu akanichorea picha nzima tukiwa tunakula ugali na dagaa, na tangu siku hiyo nikisikia kesi ya mauaji kwenye redio nasikiliza tofauti.

Iko hivi. Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 16 ya sheria zetu, kifungu cha 196 kinasema mauaji ni kusababisha kifo cha mtu kwa kitendo kisicho halali ukiwa na nia ovu. Ukitoa hiyo nia ovu linabaki kosa jingine, kuua bila kukusudia, kifungu cha 195. Maiti ni ile ile, bisibisi ni ile ile, msiba umelia vile vile. Kinachotofautisha ni kitu kimoja tu ambacho hakuna daktari anayeweza kukikuta akimpasua marehemu, maana hakimo ndani ya marehemu, kimo ndani ya kichwa cha aliyeko mahabusu. Na tofauti yake sio ndogo. Mauaji adhabu yake ni moja, kunyongwa hadi kufa, jaji akishakukuta na hatia hana pa kuchagua. Kuua bila kukusudia anaweza kukupa mpaka maisha lakini pia anaweza kukupa miaka miwili, au akakuachia kwa masharti ukaenda nyumbani. Ni kweli hakuna aliyenyongwa nchi hii tangu miaka ya tisini katikati, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iko hapo hapo Arusha, ilishasema Novemba 2019 kwamba kumlazimisha jaji atoe kifo tu ni kukiuka haki. Lakini mwambie hayo mtu anayekaa chumba cha waliohukumiwa kunyongwa uone kama atalala usingizi.

Sasa kilichonishtua mimi ni kifungu cha 200, kile kinachosema nia ovu ni nini. Mimi nilikuwa najua ni kupanga, unakaa unaandaa, unanunua kisu. Kumbe wapi. Dada akanisomea: nia ya kuua inaingia, lakini hata nia ya kumdhuru mtu vibaya sana inaingia pia. Yaani ukisema Mheshimiwa mimi sikutaka afe, nilitaka tu nimkomeshe, na kumkomesha kwako wewe ni kumvunjavunja miguu kwa nondo, akifa hayo ni mauaji kabisa, umejimaliza kwa mdomo wako mwenyewe. Tena hata kama uliyemlenga ni Juma akafa Hamisi. Tena hata kama hukuwa na hamu yoyote ya kumdhuru ila ulijua hicho unachofanya kina uwezekano mkubwa wa kuua mtu na ukaona poa tu, potelea mbali. Na ukiwa unafanya kosa jingine ambalo adhabu yake inazidi miaka mitatu jela, mtu akafa humo humo, nalo limo. Na ukiwa unamsaidia mhalifu atoroke, limo pia. Kupanga siku nyingi sio lazima hata kidogo, nia inaweza kuzaliwa ndani ya sekunde ile mkono unaponyanyuka.

Na kingine ambacho watu wa kijiweni wanachanganya kila siku: sababu na nia. Tunasema ah, elfu kumi na nane jamani, mtu hawezi kuua kwa elfu kumi na nane! Sheria haina habari na hiyo. Unaweza ukawa na sababu nzito ya kumchukia mtu maisha yako yote na usimguse, na unaweza ukaua kwa kukusudia bila sababu ya maana hata moja. Sababu inasaidia kuipata nia, basi, wala Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, hailazimiki kuileta.

Sasa nia wanaipataje. Hapa ndo penyewe.

Kuna rufaa moja ya zamani, Rufaa ya Jinai namba 150 ya mwaka 1994, Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, iliamuliwa na Mahakama ya Rufani ikiwa imekaa Mbeya. Mawakili wanaiita Kipela tu, kama unavyosema Mnazi Mmoja. Dada anasema huwezi kukuta hukumu ya mauaji nchi hii yenye ubishi wa nia halafu Kipela asitajwe. Mahakama ilianza na kukiri kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili anakijua, kwamba mshambuliaji kwa kawaida hatangazi nia yake ya kuua au kudhuru, kwahiyo utaitafuta kwenye mambo yanayoonekana: silaha ni ya aina gani na ukubwa gani, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo (na hata pigo moja linaweza kutosha, inategemea), aina ya majeraha, maneno aliyotamka kabla au wakati au baada, na mwenendo wake kabla na baada. Saba. Dada anazihesabu kwa vidole kama mtoto wa madrasa.

Mimi nikazigawa kivyangu: mkono, mdomo na miguu. Mkono unaonyesha alifanya nini, mdomo alisema nini, miguu alikwenda wapi.

Mkono wa fundi. Wakili wa serikali alitoa bahasha ya kaki, akachana, akatoa bisibisi, sijawahi kuona bisibisi ikionekana kubwa vile. Pale mezani kwetu ilikuwa kitu cha kufungulia kabureta, kile cha mpini mwekundu uliopasuka tulioufunga na nailoni, mle mahakamani ikawa kielelezo na kila mtu anakunja shingo kuiangalia. Kaniuliza unaitambua, nikasema naitambua kwa ile nailoni. Akaniuliza huwa inakaa wapi, nikasema mezani, muda wote. Wakati ule niliona ni swali la kijinga. Baadaye dada akaniambia hilo jibu langu dogo ndo lilikuwa la maana kuliko yote niliyosema, kwa sababu mtu aliyetoka na kisu nyumbani, amekificha kiunoni, na mtu aliyeokota kilicho karibu na mkono wake, hao ni watu wawili tofauti. Sio kwamba wa pili yuko salama, la hasha. Ila wa kwanza ana kazi kubwa zaidi ya kujieleza. Upande mwingine ubavu wa kushoto chini ya kwapa sio kidole cha mguu, na Jamhuri waliing'ang'ania hiyo, ripoti ya daktari iliyosomwa pale ilisema bisibisi iliingia mpaka ikagusa moyo. Mara moja lakini mpaka moyo.

Haya, mdomo. Hapa ndo nilipoteseka mimi.

Wakili wa utetezi, baba mtu mzima mwenye sauti ya chini sana mpaka unainama kumsikia, akasimama. "Shahidi, hapo kijiweni kwenu neno ntakuua, ntakutoa roho, ntakumaliza, umelisikia mara ngapi kabla ya siku hiyo?" Nikasema kila siku. "Kila siku mara moja?" Nikasema hapana mzee, mara nyingi. Watu wakacheka kidogo, Jaji akainua macho wakanyamaza. "Wewe mwenyewe umewahi kumwambia mtu?" Nikasema ndiyo. "Nani?" Nikasema mdogo wangu, alinipotezea simu. "Yuko hai?" Yuko hai.

Na kiukweli ndo tulivyo. Mama yangu mzazi kanilea na neno ntakuua, ukimwaga maziwa ntakuua leo, ukichelewa kutoka madrasa ntakuua, na anakupakulia chakula huku anakuua. Konda anamwambia abiria, abiria anamwambia konda, mashabiki wa Simba na Yanga ndo usiseme, leo tunawaua, leo tunawazika. Mtu akikufurahisha sana unamwambia umeniua. Sasa mgeni akija akaandika kila ntakuua ya kutoka Mbagala mpaka Gerezani kwa siku moja atadhani hapa kuna vita. Lakini upande wa pili, na wakili wa serikali alisema hivyo hivyo, huyu mmoja alisema na dakika moja baadaye mtu akafa kweli. Huwezi kuniambia neno halina uzito wakati limetimia.

Ndo hapo mama mmoja akaniuliza. Wakati ule kesi za mauaji lazima ziwe na wazee wa baraza, wanakaa pembeni ya jaji, sisi hatuna lile baraza la watu kumi na wawili kama Marekani, tulikuwa na wazee wawili watatu ambao mwisho wa kesi walikuwa wanatoa maoni yao na jaji halazimiki kuyafuata. (Mwaka 2022 wakabadilisha, sio lazima tena kuwa nao.) Wazee wenyewe walikuwa wanaruhusiwa kuuliza ila wafafanuliwe tu, wakianza kumbana shahidi kama mawakili kesi inaweza kufutwa rufaani, na zimefutwa kibao kwa sababu hiyo. Basi yule mama, kajitanda kanga yake vizuri, kaniuliza: "Mwanangu, alivyosema hayo maneno, nyie mliokuwepo mlifanya nini?"

Nikasema tulicheka mama.

Akaitikia tu na kichwa. Jaji akaandika. Nafikiri hilo lilikuwa swali bora kuliko yote ya mawakili kwa sababu sisi tuliokuwa pale, tunaomjua mtu, tunaojua sauti yake akikasirika na sauti yake akitania, tulisikia utani. Labda tulikosea. Lakini ndo tulivyosikia, na hakuna kipimo kingine cha sauti iliyopita miaka mitatu zaidi ya masikio ya waliokuwepo.

Hukumu nilikuja kuisoma baadaye, dada aliitoa kwenye mtandao akanitafsiria, maana wakati ule zinaandikwa Kiingereza. Tunaongea Kiswahili wote mle ndani, jaji anaandika Kiingereza. Sentensi yangu ilikuwepo, ila "ntakutoa roho" imekuwa "nitakuua", na "we bana" haimo kabisa. Nilimaindi kweli. Kwa mswahili "we bana" ndo nusu ya sentensi! Mtu anayekwenda kuua kweli anasema we bana? Au ndo anasema? Sijui, lakini nilitaka liandikwe. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na watu waliongea sana mambo ya utaifa na uhuru na nini, mimi niliwaza "we bana" yangu tu.

Miguu sasa. Fundi alikimbia, hiyo haina ubishi, na Jamhuri walisema asiye na hatia hakimbii. Aisee. Huyo aliyesema hivyo sidhani kama amewahi kuishi uswahilini. Miezi michache kabla ya hapo kuna kijana walimchoma moto na tairi mtaa wa pili kwa simu, na waliokuja kujua baadaye kwamba simu haikuwa ya wizi walishachelewa. Dar ukiwa karibu na maiti ya mtu aliyepigwa unakimbia kwanza, hata kama ulikuwa unapita na mkate wako. Sasa yeye kakimbia kwa sababu anajua kaua kwa makusudi, au kakimbia kwa sababu ndugu za marehemu wameshajaa getini hospitali? Miguu ni ile ile inakimbia. Na miguu hiyo hiyo kabla ya kukimbia ilimbeba mtu mpaka kwenye bajaji.

(Halafu hao wa tairi, siku moja niliwauliza pale pale kijiweni, mnajua kwamba kifungu cha 23 kinasema mkiwa na nia ya pamoja, kilichofanywa na mmoja kinahesabika kafanya kila mmoja? Wewe uliyerusha jiwe moja tu ukiwa kwenye kundi, ukiwa unataka afe kama wenzako, huna cha kusema jiwe langu lilimpata mguuni. Wakakaa kimya. Mmoja akaondoka. Sijawahi kuwaona watu wakimaliza chai haraka vile.)

Watu wa Dar walishafundishwa hii tofauti ya mauaji na kuua bila kukusudia na kesi moja kubwa kuliko zote, ya marehemu Steven Kanumba, yule mwigizaji wa filamu. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012 nyumbani kwake Sinza, na mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, Lulu, akashtakiwa kwanza kwa mauaji. Mnakumbuka mtaani ilivyokuwa, kila saluni ina jaji wake. Baadaye shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na ndo maana Januari 2013 akapata dhamana, maana shtaka la mauaji halina dhamana hata uwe nani. Novemba 13, 2017 Mahakama Kuu ikamkuta na hatia ya hilo la kuua bila kukusudia, miaka miwili. Watu walipiga kelele eti miaka miwili kwa roho ya mtu! Lakini angalia, hapo hukumu haikusema roho ya Kanumba ina thamani ya miaka miwili. Ugomvi wa chumbani usiku, watu wawili. Kilichopimwa pale ni kichwa cha aliyebaki, sio thamani ya aliyeondoka. Najua kwa ndugu wa marehemu hii haiingii, na isipoingia siwalaumu.

Kitu kingine dada alinisimulia nikakipenda ni cha Uingereza, 1935, kesi ya Woolmington. Dogo wa miaka 21, mfanyakazi wa shamba, mke wake kamkimbia karudi kwa mama yake, dogo kaenda na bunduki ndani ya koti, anasema alitaka kumtisha kwamba atajiua, bunduki ikafyatuka mke akafa. Jaji akaliambia baraza kwamba ikishathibitika kaua basi ni juu yake yeye kuonyesha kwamba ilikuwa bahati mbaya. Akahukumiwa kunyongwa. Mahakama ya juu kabisa ya kwao ikasema hapana, kazi ya kuthibitisha nia ni ya upande wa mashtaka mwanzo mpaka mwisho, mshtakiwa kazi yake ni kuleta shaka tu. Akaachiwa. Nasi tumerithi hiyo, Jamhuri inathibitisha bila kuacha shaka ya maana, na shaka ikibaki inakuwa ya mshtakiwa. Kijiweni hawaikubali hii kabisa, kwao ni "aeleze mwenyewe alikuwa na bunduki ya nini".

Ulevi na ukichaa sitakaa sana maana fundi hakuwa navyo. Ila kwa kifupi ulevi wenyewe sio utetezi, ila mahakama inaruhusiwa kuangalia kama ulilewa mpaka hukuwa na uwezo wa kujenga nia. Na wakisema ni mgonjwa wa akili anapelekwa Isanga, Dodoma, kule upande wa Mirembe, anaangaliwa na daktari anaandika ripoti. Swali la daktari sio kama leo ni mzima, ni kama siku ile alijua anachofanya. Miaka imepita daktari anatafuta Jumanne ya zamani kwenye kichwa cha leo. Kazi ya watu hiyo.

Na kuna kuchokozwa, ile ya tusi la mama. Hapa nilichanganyikiwa mpaka dada akanichorea kwenye karatasi ya maandazi. Kuchokozwa hakusemi hukukusudia. Kunasema hata kama ulikusudia, damu ilikuchemka ghafla kwa uchokozi wa namna ambayo mtu wa kawaida wa pale pale ingemchemka, na ulifanya kabla haijapoa. Ndo maana ile saa moja ya kwenda kula ilibishaniwa kama kiwanja. Jamhuri: asubuhi wamegombana, kaenda kala, kashiba, karudi, damu ilishapoa. Utetezi: hapana, kilichomchemsha sio cha asubuhi, ni tusi, na kati ya tusi na bisibisi hata pumzi haikupita. Nikaulizwa muda gani ulipita. Nikapiga vidole, ta, hivi. Jaji akaniambia shahidi sema kwa maneno, vidole haviandikiki.

Wazee wa baraza wawili walisema bila kukusudia, mmoja, baba mwenye kofia ya kiua, alisema mauaji. Jaji akaenda na wale wawili ila kwa sababu zake. Alisema pigo ni moja na silaha ni ya pale pale, alisema kauli peke yake hawezi kuibebesha mzigo wakati waliokuwepo waliichukulia kama mzaha, akasema mwenendo wa mara tu baada ya kuchoma ni wa mtu aliyeshtuka, na kukimbia kumeelezeka. Shaka imebaki. Miaka minne, ukiacha aliyokaa mahabusu. Nilimwangalia fundi kwenye kile kizimba, kandambili miguuni, amekonda, hakulia wala hakufurahi, aliangalia tu mikono yake. Shemeji yetu, mjane wa dereva, alitoka kabla jaji hajamaliza kusoma.

Nilikutana naye siku moja sokoni, shemeji. Nikamsalimia akaniitikia vizuri tu. Halafu akaniambia, shemeji ulisema mlicheka. Nikasema ndiyo shemeji. Akasema sawa, akanunua nyanya zake akaondoka.

Fundi ameshatoka, hakurudi Tandika. Pale mezani yupo fundi mwingine, kijana wa Lindi, mcheshi balaa. Wiki iliyopita dogo anayemsaidia kapoteza nati ya tenki la mafuta, kijana akamfokea ntakuua wewe leo, watu wote wakacheka, na dogo naye anacheka huku anatafuta chini ya benchi. Mimi nilikuwa nahesabu chenji ya mteja. Nikajikuta nimeacha kuhesabu, naangalia meza, nini kipo karibu na mkono wake. Kulikuwa na spana namba kumi, na nusu chapati.